Mama Hakuulizwa

Kitu cha kwanza alichokiona Chiriku ni kidole cha kati cha mama yake. Kilibonyeza kigurudumu cha kipanya mara moja, kikangoja. Kikabonyeza tena. Kikabonyeza mara ya tatu, polepole, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba anayojua ina watu ila hawaitiki. Kisha kikanyooka, kikalala juu ya kipanya, na mama akabaki anakitazama kidole badala ya kutazama kioo cha kompyuta.

Ilikuwa Jumatatu, saa tatu asubuhi, na mteja wa kwanza alikuwa ameshakaa kwenye benchi na bahasha yake mapajani.

"Kuna tatizo, Mama Karani?" mteja aliuliza.

"Hakuna, baba. Mashine haijaamka vizuri."

Chiriku alikuwa nyuma, akipanga karatasi. Jina hilo alipewa na kaka yake kwa utani, kwa sababu chiriku hanyamazi na yeye hasemi. Alikuwa na miaka ishirini, shule aliiacha darasa la tano, na tangu hapo alizoea kuona mambo na kuyameza. Watu walimsifu kwa hilo. Walisema binti ana adabu.

Ofisi yao ilikuwa nusu ya chumba. Nusu ya pili ilikuwa ya kinyozi, na katikati palisimama ubao mwembamba usiozuia chochote: mlio wa mashine ya kunyolea ulipita, nywele zilipita, na maneno ya kinyozi yalipita yote bila kubaki hata moja. Mama Karani aliwaandikia watu barua. Maombi ya kazi, maombi ya likizo, barua za kulalamika, za kushukuru, za kumwangukia mwenye nyumba. Miaka miwili iliyopita alipigwa na kiharusi, na kiharusi kikaondoka na mkono wa kushoto. Mkono ulikuwapo, umekaa mapajani kama mgeni aliyesahau kuaga, lakini kazi haukufanya. Watu walisema basi tena, karani wa mkono mmoja ni karani gani? Baada ya miezi mitano akarudi mezani kwake.

Alirudi kwa njia yake mwenyewe. Ndani ya kompyuta alikuwa na faili refu aliloliita Ghala. Humo aliweka vipande vya barua vya kila namna: "Kwa heshima na taadhima naomba," "Nasikitika kukujulisha kwamba," "Natanguliza shukrani zangu za dhati." Ghala alilifungua upande mmoja wa kioo, barua mpya upande wa pili. Akipitisha kipanya juu ya kipande anachokitaka, kinageuka bluu. Anahamia kwenye barua, anabonyeza kigurudumu, na kipande chote kinadondoka mahali pake. Kwa mkono mmoja, bila kugusa vitufe. Yaliyobaki ni majina na tarehe, na hayo aliyachapa kwa kidole cha shahada. Barua ambayo wenye mikono miwili waliimaliza kwa nusu saa, yeye aliimaliza kwa robo.

Njia hiyo aliigundua siku kidole kilipoteleza, na hakumweleza mtu. Hata mwanawe wa kiume, fundi wa kompyuta, hakuijua. "Kila ofisi ina siri yake," alikuwa akisema, na kumkonyeza Chiriku aliyeiona kwa macho.

Jumatatu hiyo kigurudumu hakikudondosha kitu. Mama alisoma kipande kwenye Ghala, akakichapa herufi moja moja, akarudi kusoma, akarudi kuchapa. Mteja alitazama saa, akatazama dari, akatazama saa tena.

"Mama Karani!" kinyozi aliita kutoka upande wake. "Leo unaandika barua au unachonga kinyago?"

"Nyoa kichwa cha watu, wewe," mama alijibu, na sauti yake ilikuwa ileile ya siku zote. Ila Chiriku aliona shingo yake imelowa jasho.

*

Jana yake, Jumapili, kaka alikuja ofisini na kisanduku chake cha vifaa. Alifuta vumbi, akapuliza ndani ya kompyuta, akaweka toleo jipya la programu. Mama alisimama pembeni kama mtu ambaye mtoto wake anachomwa sindano.

"Hujaniharibia?"

"Mama, hii programu ninaitengeneza mwenyewe. Nitaiharibuje?"

"Hata wanaojenga nyumba zinawaangukia."

Kaka alicheka. "Hutaona tofauti yoyote. Ni usafi tu wa ndani. Kesho unakaa unafanya kazi kama kawaida."

Kwa hiyo Jumatatu, kigurudumu kilipogoma, mama hakuwa na wa kumshuku ila yeye mwenyewe.

*

Jumanne asubuhi mwalimu mstaafu alirudisha barua yake. Aliiweka mezani. Ilikuwa imezungushiwa wino mwekundu sehemu tisa, na pembeni, kwa mwandiko mzuri, palikuwa na neno "Rudia."

"Nisamehe sana, mama," alisema, na kweli alikuwa na haya usoni. "Sikukusudia kukuaibisha. Kalamu ilinitoka. Ni mazoea ya miaka thelathini."

"Hapana, mwalimu. Makosa ni makosa."

"Wewe huwa hukosei. Ndiyo maana nimeshtuka. Mstari mzima wa shukrani haupo. Nimemwandikia mkuu wangu wa zamani kama vile nagombana naye."

Mama aliipokea ile barua, akaikunja mara mbili kwa mkono mmoja akiibana na tumbo, akaiweka kwenye droo. Alimwambia aje Alhamisi jioni, atamrudishia safi. Mwalimu alipoondoka alisema anakwenda msalani, na alikaa huko muda mrefu.

Chiriku alisogea mezani. Alitazama mlango, akakaa kwenye kiti cha mama, akapitisha kipanya juu ya "Kwa heshima na taadhima" mpaka ikageuka bluu. Akahamia upande wa pili. Akabonyeza kigurudumu.

Hakuna.

Akabonyeza kwa kidole kingine. Akabonyeza kwa nguvu mpaka kipanya kikalia. Hakuna. Vidole vyake vilikuwa vya miaka ishirini, vizima vyote kumi.

Mama aliporudi, Chiriku alisema kwa sauti ya mtu anayesema na kola ya nguo yake: "Mama, hata mimi haikubali."

"Nini?"

"Kigurudumu. Nimejaribu. Si wewe."

Mama alimtazama kwa upendo, na huo upendo ndio uliomuumiza Chiriku. "Ahsante, mwanangu. Lakini usinibembeleze kama mtoto mgonjwa."

"Kweli, mama."

"Kaka yako mwenyewe kasema hakuna kilichobadilika. Yeye ndiye anayeitengeneza. Mimi na wewe tunabonyeza tu." Alikaa, akaushika ule mkono wa kushoto, akauweka vizuri mapajani. Kisha akasema polepole, kinyozi asisikie: "Daktari aliniambia siku ile natoka hospitali. Alisema, mama, kingine huja kimyakimya. Unajua cha kufanya, kichwa kinatuma, mwili haufiki. Ukiona hivyo, jua. Basi nimeona. Juzi nilikuwa najua kubonyeza. Leo nabonyeza, mwili haufiki."

"Twende hospitali, basi."

"Jumatatu. Wiki hii nina barua sita za watu, siwezi kuziacha njiani. Jumamosi nafunga ofisi. Na kaka yako usimwambie. Ana mambo yake siku hizi, umeona alivyo. Niahidi."

Chiriku aliahidi. Angefanyaje?

*

Kaka alikuwa fundi katika shule moja ya sekondari, na hiyo ndiyo kazi iliyomlisha. Kazi ya moyo wake ilikuwa nyingine. Yeye na wenzake waliotapakaa duniani, wengi hawajawahi kuonana sura, walikuwa wakitengeneza ile programu inayoiendesha kompyuta nzima: madirisha yake, vitufe vyake, kila unachokiona ukiiwasha. Waliitoa bure. Yeyote aliruhusiwa kuichukua, kuifungua ndani na kuona ilivyoshonwa. Mama alijivunia jambo hilo bila kulielewa. "Mwanangu anaishonea dunia nguo na hadai hata uzi," aliwaambia wateja.

Jumatano asubuhi Chiriku alimkuta mezani nyumbani kwao, chai imepoa, macho mekundu, kompyuta yake ndogo wazi mbele yake.

"Chiriku, njoo uone kaka yako alivyo maarufu," alisema. "Sikiliza huyu: 'Aliyefanya hivi hajawahi kufanya kazi ya maana maishani mwake.' Huyu wa pili anataka nikatwe vidole. Huyu wa tatu ana adabu, ameomba nijiuzulu tu. Wapo mia nne na kitu. Tangu Ijumaa."

"Umefanya nini?"

"Kitu kidogo mpaka naona aibu kukieleza. Kile kigurudumu cha kipanya. Zamani ukikibonyeza kilikuwa kinamwaga maneno uliyoyapaka rangi. Desturi ya siku nyingi, ilianza kabla sijazaliwa. Sasa watu wageni wanakigusa bila kujua, wanamwaga maneno yao mahali pasipofaa. Kuna mtu alimwaga barua ya mchumba wake katikati ya ripoti ya bosi."

Chiriku aliweka chini sufuria ya chai aliyokuwa ameishika.

"Nikapendekeza programu ije ikiwa kigurudumu kimezimwa," kaka aliendelea. "Hatujakitoa. Kipo. Anayekitaka anakwenda kwenye mipangilio, anaweka tiki moja, mchezo umekwisha. Tulipiga kura, pendekezo likapita, na jina lililo chini yake ni langu. Basi wamenishukia kama nyuki."

"Na... anayekitaka, anajua pa kuwekea hiyo tiki?"

"Wanaokitumia ni magwiji watupu, Chiriku. Watu waliozeeka na kompyuta. Wanajua kila uchochoro wake, wanataka tu kugombana. Mtu wa kawaida hajui hata kama kigurudumu kinabonyezeka." Alisugua macho. "Unajua nilipokuwa naandika lile pendekezo nilikuwa namfikiria nani? Mama. Nilisema, mama na mkono wake mmoja, kidole kikimteleza atamharibia mtu barua. Kwa hiyo ninapotukanwa, najituliza kwa hilo. Nasema, tukaneni. Mama yangu yuko salama."

Chiriku alifungua mdomo amweleze. Lakini alimtazama kaka yake, mabega yameanguka, mia nne wamemrukia na kitu kimoja tu anachokishikilia ni hicho, na yeye ndiye akakitoe mkononi? Awe wa mia nne na moja? Tena yeye, wa darasa la tano, amweleze fundi kazi yake? Na ahadi ya mama je?

"Chai yako imepoa," alisema. "Nikupashie?"

"Wewe ni malaika," kaka alisema. "Hulalamiki hata siku moja."

*

Alhamisi mama alichapa tangazo. Lilimchukua saa nzima kulipata sawa. "Ofisi hii itafungwa Jumamosi. Tunawashukuru wateja wetu wote kwa kutuamini." Alilichapisha kwenye karatasi moja, akasimama mlangoni na utepe wa gundi mdomoni.

Kinyozi alitoka na kitambaa begani, akalisoma. Akalisoma tena.

"Nafasi itakuwa wazi," mama alimwambia. "Kama unataka kuongeza kiti cha pili, sema na mwenye nyumba mapema."

"Nani kakwambia nataka kiti?"

"Si ulikuwa ukilia kila siku kwamba nakubana?"

"Nilikuwa natania, Mama Karani." Alijifuta uso kwa kitambaa chenye nywele za watu. "Mimi nikikosa wa kugombana naye humu ndani nitanyoa masikio ya watu."

Mama alicheka kidogo. Kisha akamgeukia binti yake. "Haya, shika upande huu nibandike."

Kubandika karatasi ukutani ni kazi ya mikono miwili. Chiriku alishika kona ya juu. Aliona mama anavyoibana karatasi kwa kiwiko kisichosikia, anavyokata utepe kwa meno, anavyojitahidi kusimama wima ili wapita njia wasidhani analia. Akaiachia ile kona.

"Kulikoni?"

"Karatasi zimeisha. Naenda kununua."

"Karatasi zipo kabatini, tele!"

Lakini Chiriku alikuwa ameshashuka ngazi.

*

Shule ilikuwa mwendo wa dakika ishirini. Alikwenda kwa kumi. Getini mlinzi alimsimamisha.

"Unamtaka nani?"

"Fundi."

"Nani?"

"Fundi wa kompyuta."

"Dada, paza sauti. Mimi si daktari wa meno nianze kukuchungulia mdomoni."

"Fundi wa kompyuta!" Chiriku alisema, na wanafunzi wawili waliokuwa wakipita wakageuka. Masikio yalimwaka moto. Mlinzi alifungua geti.

Kaka alikuwa peke yake kwenye chumba cha kompyuta, amepiga magoti chini ya meza, nyaya zimemzunguka. Alipomwona alinyanyuka ghafla mpaka akajigonga kichwa.

"Mama?"

"Mama hajaanguka. Hajapelekwa hospitali."

"Uuwi, Chiriku, umenitoa roho. Hujawahi kuja hapa hata siku moja." Alikaa juu ya meza akijisugua kichwa. "Au umekuja kunipa pole? Wamefika mia sita. Na unajua kinachonichosha? Si matusi. Ni kwamba hakuna hata mmoja anayeniambia anakifanyia nini. Wanapiga kelele tu. Angekuja mtu mmoja akaniambia, mimi ni fulani, kazi yangu ni hii, mkono wangu uko hivi, umenikwamisha hapa, ningemsikiliza. Wallahi ningekaa chini nikamsikiliza."

"Yupo," Chiriku alisema.

"Yupo nani?"

"Huyo mtu." Alishika ukingo wa meza. Aliamua kutomtazama usoni, alitazama nyaya. "Ni karani. Ana mkono mmoja. Ana faili linaitwa Ghala. Anapaka rangi maneno, anahamia kwenye barua, anabonyeza kigurudumu, yanadondoka. Ndivyo anavyofanya kazi. Hajui njia nyingine. Tangu Jumatatu anabonyeza, hayadondoki. Ulimwambia hakuna kilichobadilika, kwa hiyo anasema ni yeye. Anasema ni kiharusi cha pili kinaanza. Nilijaribu mwenyewe, nikamwambia ni mashine, hakuniamini. Ameniapisha nisikuambie. Sasa hivi anabandika tangazo la kufunga ofisi."

Hakuwahi kusema maneno mengi kiasi hicho kwa mkupuo. Alipomaliza alihema kama aliyebeba ndoo.

Kaka aliteremka mezani. Uso wake ulibadilika polepole, kama mtu anayesoma barua ndefu na kufika mstari wa mwisho. Kisha akachukua funguo zake.

*

Tangazo lilikuwa limeshabandikwa, limeinama upande mmoja. Kaka alilipita bila kulisoma. Mama alikuwa akimaliza barua ya nne kati ya sita, kidole kimoja, herufi moja moja.

"Nyie wawili mmekutana wapi?" aliuliza, kisha akamkazia macho Chiriku. "Umesema."

Chiriku aliinamisha kichwa.

"Mama, hebu nipishe kidogo," kaka alisema. Hakukaa kwenye kiti. Alipiga magoti kando ya meza, akafungua mipangilio, akaingia ukurasa mmoja, akaingia wa pili, akashuka chini kabisa ambako hata yeye alitafuta kwa macho. Akaweka tiki. "Bonyeza sasa."

Mama alipaka rangi kipande cha kwanza cha Ghala. Akahamia. Akabonyeza.

"Kwa heshima na taadhima naomba," kompyuta ikasema kwa maandishi.

Akabonyeza tena. "Kwa heshima na taadhima naomba." Akabonyeza tena, na tena, mpaka ukurasa ukajaa maombi yasiyo na mwombaji. Kisha akakiinua kile kidole, akakitazama mbele na nyuma.

"Kwa hiyo ni mashine."

"Ni mimi, mama." Akamweleza yote, kura, sahihi yake, watu mia sita, na alivyomsimulia Chiriku Jumatano. Hakujitetea. Akasema hata jinsi alivyomfikiria mama.

Upande wa pili kinyozi alizima mashine yake.

"Siku nne," mama alisema. "Siku nne nalala nimejifunika shuka, nasikiliza kama moyo bado unapiga. Nimegawa vitenge vyangu kichwani, nani achukue kipi. Kumbe ni tiki!"

"Mama Karani," kinyozi aliita juu ya ubao, "nimchape au nimnyoe?"

"Mnyoe! Mnyoe upara kabisa, na kiwembe kiwe butu!"

Akacheka. Kicheko kilianza vizuri, katikati kikavunjika, na machozi yakamtoka, na kaka akamshika magoti na kuegemeza kichwa chake hapo, jitu zima. Mama alimpigapiga kisogoni kwa mkono mzima.

"Ulinifikiria," alisema baadaye, kwa upole. "Nimesikia. Lakini tunalala nyumba moja, tunakunywa chai sufuria moja. Ulinifikiria, hukuniuliza."

"Niliona kama najua."

"Kila mtu anaona kama anajua mtu wa mkono mmoja anataka nini." Alijifuta uso. "Hao wanaokutukana, wanajua kusoma barua?"

"Wanajua, mama."

"Basi waandikie. Waambie umekosea. Lakini waambie pia waache ushenzi, kidole ni mali ya mtu, hakikatwi ovyo. Na waambie mimi si gwiji. Mimi ni karani, na ninakitumia."

Kaka aliandika palepale kwenye benchi la wateja, kompyuta yake mapajani. Alipendekeza kwamba aliyekuwa na kigurudumu tangu zamani aachiwe chake kama alivyokizoea, na mgeni aulizwe kwanza kabla ya kuzimiwa au kuwashiwa. Mwisho akaeleza juu ya Ghala, na mkono, na siku nne. "Nilibadilisha kwa ajili ya mama yangu," aliandika, "na mama hakuulizwa." Kura ingepigwa wiki ijayo, na hakuna aliyejua ingekwendaje. Lakini kabla hajafunga kompyuta, yule aliyetaka akatwe vidole alikuwa ameshajibu. Aliandika: "Mpe pole mama." Basi.

*

Saa kumi kaka alirudi shuleni kumalizia nyaya zake. Mama alimaliza barua ya mwalimu kwa dakika kumi na mbili, mstari wa shukrani ukiwa mahali pake. Kinyozi mwenyewe alilibandua tangazo, akalitumia kukung'utia nywele.

Walibaki wawili. Chiriku alianza kufagia, na mama akamwangalia kwa muda.

"Uliona tangu lini?"

"Jumatatu. Mteja wa kwanza."

"Na Jumanne ukajua ni mashine. Na Jumatano ukajua ni kaka yako." Mama hakuwa amekasirika. Aliuliza kama mtu anayetafuta kitu kwenye droo anayoijua. "Mbona unaona mapema hivyo, halafu unakaa nacho? Hebu weka huo ufagio. Njoo ukae."

Chiriku alikaa kwenye benchi, mahali wanapokaa watu wenye bahasha. Mama akaigeukia kompyuta, akafungua ukurasa mweupe, akaweka kidole juu ya vitufe, akajikohoza kama afanyavyo mbele ya mteja mgeni.

"Haya, dada, karibu. Hapa kwetu unasema unavyotaka, sisi ndio tunaopanga. Unamwandikia nani?"

Ilikuwa mzaha, na Chiriku alitabasamu kwa sababu ulikuwa mzuri. Kisha tabasamu likamtoka. Alitazama ule mkono wa kushoto uliolala mapajani mwa mama yake, ambao yeye ndiye aliyeukata kucha kila wiki kwa miaka miwili.

"Wewe," alisema.

Kidole cha mama hakikushuka kwenye vitufe. Alisogeza kiti mpaka magoti yao yakagusana, akamshika binti yake mkono, akangoja.

"Siku ile ya kiharusi," Chiriku alisema, "asubuhi ulikuwa unafunga blauzi, kifungo cha juu kikakushinda mara nne. Ukacheka, ukasema tundu limepanuka. Niliuona mkono, mama. Niliona na mdomo umevutika upande. Tulikwenda hospitali saa nane, kaka aliporudi, na daktari akasema kama tungefika mapema mkono ungepona, na nyote mkadhani kilikupata mchana. Hakikukupata mchana. Mimi nilikiona tangu asubuhi, nikaona haya kusema."